Dad's Army iliishaje? Wazee wanageuka, wanakuangalia wewe

Watu wengi wakimaliza kuangalia Dad's Army, ile komedi ya BBC ya wazee waliojitolea kulinda Uingereza wakati wa vita ya pili ya dunia, huwa wanabaki na swali lilelile, yaani miaka tisa hawa wazee wanatumbukia mitaroni, wanagongana milangoni, wanapoteza bunduki zao wenyewe, halafu dakika ya mwisho kabisa wanajipanga mstari, wanageukia kamera na kunyanyua vikombe kwa heshima ya Home Guard, wale wazee wa kweli waliojitolea, utani sifuri. Imekuwaje? Wapo wanaosema ni hisia za kulazimishia, wapo wanaotokwa machozi. Mimi naona ile dakika waliistahili kabisa, tatizo ni kwamba ukiiangalia hiyo episodi peke yake huwezi kuona wameistahili kwa lipi, maana maelezo yake yametawanyika, mengine yako kwenye historia ya vita, mengine kwenye matabaka ya Waingereza, na mengine yako kwenye miili ya waigizaji wenyewe.

Episodi inaitwa Never Too Old. BBC waliirusha Jumapili ya tarehe 13 Novemba 1977, ikiwa ya 80 tangu komedi ianze Julai 31, 1968, na ya sita kwenye msimu wa tisa. Na hiyo Jumapili siyo ya kubahatisha, ni ile Jumapili ya Novemba ambayo Waingereza wanakumbuka waliokufa vitani, asubuhi mashada ya maua, ukimya wa dakika mbili, kila mtu na ua jekundu la karatasi kifuani. Sasa fikiria familia imeshinda na hayo yote mchana kutwa, halafu usiku wanawasha tivii wacheke.

Sasa hao wazee ni akina nani. Mei 1940 Wajerumani wameshaimaliza Uholanzi, wanaipasua Ufaransa, na Uingereza kila mtu anajua anayefuata ni yeye. Tarehe 14 ya mwezi huo waziri wa vita, Anthony Eden, akaongea redioni, akaomba wanaume wa miaka 17 mpaka 65 ambao hawajachukuliwa jeshini wajitokeze kulinda sehemu wanazoishi, mshahara hakuna ila sare na silaha utapewa. Usiku uleule watu wakaanza kumiminika vituo vya polisi kujiandikisha, na mpaka Julai inaisha walikuwa wamevuka milioni moja. Ukitaka neno la kwetu la karibu zaidi ni mgambo, watu wa kawaida wenye kazi zao mchana, jioni wanavaa sare wanaenda kwata.

Ila sare na silaha ndiyo ikawa kasheshe. Jeshi lenyewe lilikuwa limetoka Dunkirk mwanzoni mwa Juni, askari zaidi ya 330,000 wameokolewa kwa meli na maboti, lakini mizinga na malori yamebaki Ufaransa, kwa hiyo kama askari wa kweli hana bunduki huyo mzee wa bucha ataipata wapi? Walianza na bunduki za kuwindia sungura, mipini ya ufagio, na kitambaa cha kuvaa mkononi kuonyesha kwamba wewe ni mwanajeshi. Mwaka 1941 Churchill akaandika kwamba kila mtu awe na silaha ya aina fulani, hata kama ni mkuki, basi wakubwa wa wizara wakalichukua hilo neno kama lilivyo, wakaagiza mabomba ya chuma 250,000 yaliyochomelewa singe kuukuu kwenye ncha. Mikuki, jamani, dhidi ya vifaru. Hiyo hakuna mwandishi wa komedi aliyeitunga, ilitokea kweli, na watu waliopelekewa hiyo mikuki walikasirika vibaya sana.

Churchill huyohuyo ndiye aliyelazimisha jina libadilike Julai 1940, kutoka Local Defence Volunteers kuwa Home Guard. Na hapa msomaji wa Kenya nimsimamishe kidogo. Homgadi wa Kenya, wale waliopewa silaha na serikali ya kikoloni kuanzia 1953 kupigana na Mau Mau, ni kitu kingine kabisa hata kama jina ni moja na mtawala ni mmoja. Wazee wa Dad's Army wananyanyua vikombe kwa ajili ya wale wa Uingereza wa 1940. Lakini siwezi kumlaumu mtu wa Nyeri ambaye akilisikia hilo jina kwenye tivii anasisimka kwa sababu nyingine isiyohusiana na kucheka.

Turudi. Wajerumani hawakuja. Disemba 1944 Home Guard wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani, na ile vita waliyojiandaa nayo miaka minne haikutokea. Zaidi ya 1,200 walikufa wakiwa kazini, kwa mabomu ya ndege na ajali na mambo mengine, lakini ile siku ya kusimama ufukweni na mkuki wako mbele ya kifaru haikufika. Na hapa ndipo penye ugumu wote, kwa sababu mtu aliyepigana akashinda unajua umpe heshima gani, aliyepigana akafa unajua, lakini mtu aliyekuwa tayari kufa halafu hakuitwa? Ukimwita shujaa watu wanaguna, ukimwita kichekesho unamdhulumu. Ndiyo Dad's Army yote hiyo, kwa ufupi.

Aliyeitunga anaitwa Jimmy Perry, na alikuwa humohumo, alijiunga Home Guard akiwa kijana mdogo. Mama yake alikuwa na hofu atapata mafua usiku, na ndiyo chanzo cha Pike, yule kijana anayevalishwa skafu na mama yake juu ya sare ya jeshi. Mwaka 1967 Perry, mwigizaji asiye na jina kubwa, akakaa akaandika, akampelekea David Croft wa BBC, na kuanzia hapo wakaandika wote wawili mpaka mwisho, Croft ndiye akawa anasimamia na kuongoza. Mabosi wa BBC waliogopa mwanzoni. Walikuwa wamebaki watu mamilioni waliopita kwenye ile vita, na kuna mkubwa mmoja aliona kuweka picha za kweli za wakimbizi na wanajeshi wa Nazi kwenye komedi ni kukosa adabu, zikaondolewa. Hofu yao ilikuwa swali lilelile, je, tunawacheka hawa watu au tunacheka nao?

Kikosi chenyewe kiko kwenye mji wa kubuni wa Walmington-on-Sea, kusini mwa Uingereza, ukivuka maji tu uko Ufaransa. Kiongozi ni Kapteni Mainwaring, meneja wa benki, mfupi, mnene, miwani, anajiona. Msaidizi wake ni Sajenti Wilson, ambaye mchana pia ni msaidizi wake benki, na hapa usipoelewa matabaka ya Waingereza utapoteza nusu ya utani. Wilson ametoka familia ya juu, kasoma shule za watoto wa wakubwa, anaongea polepole kwa sauti laini, kila kitu kwake ni "hivi bwana, unadhani ni busara kweli?" Mainwaring amepanda kwa jasho lake, hajasoma huko, na kila siku ya maisha yake anamtawala mtu ambaye kwa macho ya jamii yao yuko juu yake. Kwa hiyo akimfokea Wilson kuhusu kofia iliyokaa upande, ujue hafokei kofia. Kuna episodi ya 1973 Wilson anarithi heshima ya kifamilia, anatakiwa aanze kuitwa Mheshimiwa, na Mainwaring nusura apasuke.

Na kitu kingine, Mainwaring hana medali hata moja. Jones anazo, Frazer anazo, Wilson anazo. Yeye alipelekwa Ufaransa 1919, vita ya kwanza imeshaisha, anasema ilibidi mtu aende kufanya usafi. Kamanda wao ndiye mzee pekee kwenye kundi ambaye hajawahi kuonja vita, na anajua, na wao wanajua, na hakuna anayemwambia.

Wengine nitawapitia haraka. Koplo Jones ni mwenye bucha, mzee kupita kiasi, anapiga kelele "msihangaike!" huku yeye ndiye anayehangaika kuliko wote. Frazer ni Mskoti mwenye biashara ya majeneza, kazi yake kutabiri kwamba wote wameisha. Godfrey ni mzee mpole ambaye kila baada ya dakika kumi anaomba ruhusa ya kwenda chooni, anaishi na dada zake. Pike ni karani wa benki, mtoto wa mama, na mama yake ana urafiki na Wilson ambao mji mzima unaujua, kijana anamwita Wilson anko, sasa huyo anko ni nani hasa waandishi walikuja kukubali baadaye kwamba ndiyo, ni baba yake. Walker alikuwa mlanguzi, nailoni, wiski, petroli, chochote kinachopatikana kwa mgawo yeye anacho kwenye koti.

Nje ya kikosi kuna Hodges. Huyu mshike vizuri kwa sababu nitamhitaji. Hodges anauza mboga na matunda, na wakati wa vita amepewa kofia ya chuma na kazi ya kuhakikisha usiku hakuna taa inayoonekana nje ili ndege za Wajerumani zisipate pa kulenga. Anamwita Mainwaring Napoleon. Anapiga kelele, hana adabu, na Mainwaring anamdharau kwanza kwa sababu ni muuza mboga. Kwa miaka tisa kazi ya Hodges ni kuwacheka wale wazee.

Haya, episodi yenyewe. Jones amependa. Yule mzee wa bucha anatembea anachekacheka peke yake, kwata haiendi, Mainwaring anadhani ameugua. Kumbe ni Mrs Fox, mjane, mama mwenye mwili na kicheko chake, mteja wa bucha wa siku nyingi, na watazamaji wa muda mrefu walishaona nyama za ziada zinavyopita chini ya kaunta kuelekea kwa akina mama fulani, na wakati wa mgawo nyama ya ziada ni barua ya mapenzi tosha. Jones anaenda kuomba ruhusa kwa kamanda wake kama kijana wa miaka ishirini, na Mainwaring anaombwa yeye ndiye amshike bibi harusi mkono ampeleke madhabahuni.

Sasa mtazame Mainwaring kwenye hii harusi, mtu ambaye ndoa yake mwenyewe ni simu. Mke wake, Elizabeth, hatujawahi kumwona kwa miaka yote tisa. Tunamsikia Mainwaring akimjibu kwenye simu, na mara moja, kwenye episodi ya 1972, tunaona godoro la kitanda cha juu limebonyea kwa uzito wake wakati yeye kalala chini anaangalia dari. Basi. Mwaka 1970 walimpa Mainwaring mapenzi ya nusu saa na mama mmoja mpole, yakaishia stesheni ya treni, mama kapanda kaondoka. Kwa hiyo mtu anayekabidhi bibi harusi kwenye episodi ya mwisho ndiye mtu mwenye njaa kuliko wote pale kanisani, na Arthur Lowe, anayemwigiza Mainwaring, anacheza hilo bila kusema neno, anavimbisha tu kifua.

Harusi inafungwa, sherehe ukumbini, ukumbi uleule wa kanisa wanaogombania na Hodges kila wiki. Halafu inaingia taarifa ya tahadhari, huenda Wajerumani wanavuka usiku huu. Kila mtu kwenye nafasi yake. Bwana harusi, saa chache baada ya ndoa, anavua suti anavaa sare, anapangiwa zamu ya kulinda kwenye gati lililoingia baharini, na bi harusi anamfuata hukohuko. Fungate yenyewe ndiyo hiyo, upepo wa bahari na bunduki ukutani. Wenzake hawataki aadhimishe usiku wake hivyo, wanakuja na kinywaji wamtakie heri.

Ndipo Hodges anatokea. Na anasema kitu ambacho ukikifikiria amekuwa akikisema tangu aingie kwenye hii komedi, ila safari hii anakisema wazi bila kuficha: nyie mtafanya nini mbele ya askari wa kweli? Watawapita tu, kama hampo. Anaondoka.

Kimya. Hakuna anayemjibu kwa tusi, na hiyo peke yake ni ajabu maana kawaida wangeanza kurushiana maneno mpaka mchungaji aingilie. Pike anauliza, kwa sauti ya mtoto, jamaa hakusema kweli, si ndiyo?

Mimi hapa ndipo ninapoona akili ya Perry na Croft. Alichosema Hodges siyo maneno ya Hodges, ni ya kwetu. Ni sisi tuliokaa kwenye kochi miaka tisa tukicheka jinsi hawa wazee wasivyoweza kukamata hata mbuzi, na kila kicheko chetu kilikuwa na hilo neno ndani yake, kwamba wangekuja wale wa kweli nyie msingekuwa kitu. Waandishi wamechukua kicheko chetu wakakiweka mdomoni mwa mtu tunayemchukia, wakatusikilizisha kinavyosikika kikitoka kwa mwingine. Kwa hiyo Mainwaring anapomjibu Pike, anatujibu sisi, na ndiyo maana ile kugeukia kamera haikupachikwa. Hodges ameshaondoka, wamwangalie nani mwingine?

Na jibu lenyewe siyo hotuba kubwa. Anasema atakayejaribu kuchukua nyumba zetu au uhuru wetu ataona, tutapigana, na hatuko peke yetu, wako maelfu England nzima. Frazer anadakia, na Scotland! Utani wa mwisho wa Frazer, umewekwa katikati ya sentensi nzito, na Mainwaring anakubali, ndiyo, na Scotland, Uingereza yote kwa jumla. Halafu Wilson, kwa ule upole wake, anapendekeza labda ingefaa wawape heshima watu hao. Na Mainwaring anasema kwa mara moja hii Wilson nakubaliana na wewe. Miaka tisa ya kofia na vifungo na wivu wa tabaka imeisha kwa nusu sentensi, na ukiwa hukufuatilia matabaka hutashtuka, itapita kama adabu ya kawaida. Wananyanyua, wanageuka, "kwa Home Guard ya Uingereza", mwisho.

Angalia na kile ambacho hawakufanya. Hawakuwapa vita. Ingekuwa rahisi sana kuandika episodi ya mwisho ambayo Wajerumani wanatokea kweli, wazee wanapigana, Jones anachoma mtu singe, Hodges anaomba msamaha. Wangewafanya mashujaa kwa bei rahisi na wangedanganya historia. Hawakuonyesha hata amani imefika. Vita inaendelea, kesho kwata ipo, na hakuna aliyethibitisha kama Hodges amekosea.

Ila sisi tuna namna ya kujua, na hapa ndiyo naingia kwenye waigizaji. Bwana harusi ndiye kijana. Clive Dunn aliyemwigiza Jones alikuwa na miaka 57 tu, mvi za rangi na miguu ya kutetemeka ya kuigiza, wakati pembeni yake Arnold Ridley, Godfrey, ana 81 na John Laurie, Frazer, ana 80 kamili za kwao wenyewe. Dunn alikamatwa na Wajerumani Ugiriki 1941 akakaa kifungoni miaka minne. Ridley alipigana vita ya kwanza, kwenye mapigano ya Somme huko Ufaransa 1916, mkono wa kushoto ukaharibika, kichwa kikapigwa na kitako cha bunduki, na singe ikamwingia mwilini. Mwaka 1940 akarudi tena vitani Ufaransa, akatolewa kwa meli, na baada ya hapo akajiunga, unadhani wapi, Home Guard. Laurie naye alikuwa vita ya kwanza kisha Home Guard ya London. Yaani wanapogeukia kamera kuna wazee wawili kwenye ule mstari wananyanyua kikombe kwa ajili yao wenyewe, na hakuna hata maandishi chini ya skrini yanayokuambia.

Ukishajua la Ridley, rudi uangalie episodi ya 1969 inaitwa Branded. Godfrey anakiri kwamba vita ya kwanza alikataa kubeba silaha, dhamiri ilimkataza, na kikosi chote kinamgeuka, hawataki hata kukaa naye. Baadaye kwenye mazoezi ndani ya kibanda chenye moshi, Mainwaring anazidiwa na ni Godfrey anayeingia kumtoa, anaugua yeye. Wanaenda kumwona kitandani, na ukutani kuna picha yake ya ujana na medali kifuani. Alienda Somme bila bunduki, kubeba majeruhi chini ya risasi. Wote wanabaki wanajikuna. Na yule mzee aliyelala pale na kofia ya kulalia anaigiza Somme ambayo yeye binafsi alitoka nayo na mwili mbovu.

Hiyo ya singe inanifikisha kwa Jones, na kwa kweli kuna kitu hapa wapenzi wa Dad's Army huwa wanakipita haraka. Wimbo wa Jones wa kila wiki ni kwamba adui hapendi chuma baridi, alijifunza Sudan chini ya jenerali wa Kiingereza, Kitchener, na Wasudani anawaita kwa jina la kejeli juu ya nywele zao. Vita anayoisema ni Omdurman, Septemba 2, 1898. Sasa Omdurman ya kweli haikuwa ya singe. Ilikuwa bunduki za Maxim zinazofyatua mfululizo na mizinga dhidi ya watu wenye mikuki na magobore, wakafa zaidi ya 10,000 upande wa Khalifa, kiongozi wa Wasudani, upande wa Kitchener hawakufika hata 50. Kwa hiyo mzee anayecheza na singe yake 1940 anajisifia ushindi ulioletwa na mashine, na 1941 mashine ziko kwa mwenzake na yeye ndiye anayepewa mkuki. Sidhani Perry na Croft walikusudia tulione hivyo, lakini liko pale, na mtazamaji wa huku kwetu analiona kabla ya Mwingereza.

Na tukiwa hapohapo, Home Guard wanaagwa Disemba 1944, mwezi huohuo vijana wa keya, yaani King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland wanavuka mto Chindwin huko Burma baada ya kupigana msimu mzima wa mvua kwenye matope ya bonde la Kabaw. Hao hakuna aliyewaandikia komedi ya episodi 80.

Kuhusu ule mstari wa mwisho, hesabu vichwa utaona pengo. James Beck, Walker, alifariki Agosti 1973 akiwa na miaka 44, msimu wa sita haujaisha kurekodiwa, wakaandika tu kwamba Walker kaacha ujumbe, kaenda London kwenye dili. Wakajaribu mtu mwingine msimu uliofuata, haikukaa. John Le Mesurier, Wilson, msimu wa tisa unamwona amekonda mpaka sare inamning'inia, alikuwa anaumwa. Na Edward Sinclair, yule mhudumu wa kanisa mwenye kofia na uso wa kununa, alifariki Agosti 29, 1977, mwezi mmoja kabla msimu wa tisa haujaanza kurushwa. Wale waliokuwa wanamwangalia akinuna Novemba walikuwa wanamwangalia marehemu.

Kama bado unadhani ile heshima ya mwisho ingeweza kubandikwa kwenye komedi yoyote, angalia Wamarekani walivyojaribu. Mwaka 1976 ABC walitengeneza toleo la kwao la majaribio, The Rear Guard, wakachukua ileile episodi maarufu ya 1973, The Deadly Attachment, ambapo kapteni wa nyambizi wa Kijerumani aliyekamatwa anaandika majina ya wote watakaolipizwa kisasi, Pike anaimba kumkejeli Hitler, Mjerumani anamgeukia, na wewe jina lako nani, na Mainwaring anaropoka "usimwambie, Pike!" Script ni ileile, ila ikafa palepale, haikupata hata msimu mmoja. Kwangu sababu ni rahisi tu, Marekani haikuwahi kulala usiku ikisubiri Wajerumani washuke ufukweni, kwa hiyo wazee wake walikuwa wazee wanaocheza jeshi. Wa Walmington-on-Sea wanachekesha kwa sababu wanaweza kufa. Kengele za makanisa Uingereza zilinyamazishwa Juni 1940, zikilia maana yake wameshuka, na kwenye The Battle of Godfrey's Cottage zinalia kweli. Mainwaring na wazee wawili wanajifungia kwenye nyumba ya Godfrey na bunduki yao, anawaambia kwa utulivu kabisa kwamba huenda ndiyo mwisho wetu, tuko tayari au siyo, na wanaendelea kuandaa. Wajerumani hawakuwepo, ni vurugu tu. Lakini ile "tuko tayari" hawakuitania, na hiyo ni 1969, kwa hiyo jibu la swali la Pike lilikuwepo miaka minane kabla hajauliza.

Kama hujawahi kuiangalia kabisa, usianze na Never Too Old, utaona harusi ya wazee na hotuba. Anza na Branded na hiyo ya nyumba ya Godfrey, uende A Soldier's Farewell ya 1972 uone lile godoro, halafu The Deadly Attachment ucheke mpaka uchoke, ndiyo uje kwenye mwisho. Filamu ya 2016 yenye waigizaji wapya iache kwanza, au iache moja kwa moja.